Furungu la Bibi Chini ya Kawa la Kioo

Ilianza siku ya Jumatano, saa tisa na robo alasiri, wiki ya tatu ya muhula wa pili, mwaka wa 1998, nilipokuwa kidato cha tatu. Saa naijua kwa sababu kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa imeshalia na mimi nilibaki maabara kufuta ubao. Fundi wa maabara alidhani yuko peke yake. Akatoa kitambaa mfukoni, akakikunjua juu ya meza, na ndani yake nikaliona furungu la Bibi yangu, bangili yake ya mguuni.

Mafurungu ya fedha yako mengi huku kwetu, lakini lile nalijua kama ninavyoyajua meno yangu. Lina bonde dogo upande mmoja, pale sonara alipoligonga kulipanua Bibi alipovimba miguu na mimba ya mama yangu. La pili lake lilipotea zamani. Hilo lililobaki Bibi alikuwa akinivisha mkononi nilipokuwa mdogo, akisema siku nitakayoolewa litahama mguuni kwake lije kwangu. Kwa hiyo lilikuwa langu, ila siku yake haijafika.

Sikumwuliza limefikaje pale. Mimi si mtu wa kuuliza. Darasani nikilijua jibu, moyo hunipiga mpaka mwingine ajibu. Nilifuta ubao ambao tayari ulikuwa safi, nikaaga kwa sauti ambayo sidhani aliisikia, nikaenda nyumbani Msambweni, nikaandika kwenye daftari hili: Fundi ni mwizi. Mstari huo nimeukata tangu wakati ule, lakini wino unasomeka bado. Leo nataka kumwandika mzima, maana nilimtazama tangu kidato cha kwanza, karibu miaka mitatu, na miaka yote hiyo nilimtazama kwa jicho baya.

Alizaliwa wapi na ni mwana wa nani, siandiki, kwa kuwa sikujua na yeye hakusema. Alikuwa mrefu, shingo imeinama kama mtu aliyezoea milango mifupi. Koti lake jeupe lilikuwa na vifungo vinne, kila kimoja na rangi yake. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi nchani, weusi usiotoka kwa sabuni, na sisi wasichana tulikuwa tunavitazama vidole vile kuliko tulivyoutazama ubao. Hakuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kupanga chupa, kuwasha vichomeo na kutengeneza vilivyovunjika. Lakini ilisemekana amesoma ng'ambo, nchi ya baridi, akafanya kazi huko miaka mingi, akarudi na kasha moja la mbao. Alirudi pia na mwendo wa kutazama chini, kama bado anaogopa kuteleza kwenye barafu. Hapa kwetu hapana cha kuteleza ila maganda ya embe.

Na ndimu. Fundi alikuwa akinuka ndimu saa zote. Mifuko ya koti ilijaa maganda yake, mengine mabichi, mengine yamekauka kama ngozi ya mjusi. Juisi yenyewe alikuwa akitugawia bure. Maganda hakumpa mtu. Ukimwuliza ya nini, alikuwa akisema, "Ya kwangu," na kuendelea na kazi.

Adabu yake ilitutia mashaka kuliko ukali wa wengine. Kwetu mdogo ndiye anayeanza: shikamoo, kisha mkubwa huitikia marahaba, na kila mtu amejua pahali pake. Yeye alikuwa anatuwahi. Ukimwona kwa mbali, uko katika kuikusanya shikamoo yako, yeye ameshasema, "Hujambo mwanangu, nyumbani hawajambo?" na shikamoo imekukwama kooni. Mejumaa, niliyekuwa nikikaa naye dawati moja, alisema mtu anayekimbilia kusalimia watoto ana jambo analoliomba msamaha mapema.

Mejumaa alikuwa na habari zake zote. Kwanza alisema Fundi anapika pombe ya magendo, kwa sababu stoo iliyo nyuma ya maabara ilikuwa na mabomba ya shaba yaliyojikunja kama utumbo. Habari ile ilimfika mzee wa kijiji, naye akaja siku ya Ijumaa baada ya swala, amevaa kanzu safi, kunusa. Alikaa stoo nusu saa. Alipotoka alikuwa amebeba gilasi ya juisi ya ndimu, anasema hakuna pombe mle, ila kuna taa ambayo hakuipenda. Ikabidi Mejumaa abadilishe. Sasa Fundi alikuwa anafuga jini kwenye chupa. Baadaye, alipoona vile vidole, akasema ni sarafu bandia: anayeyusha fedha za watu, anatengeneza pesa zake. Hiyo ya tatu mimi niliiamini, maana furungu nilikuwa nimeliona kwa macho yangu.

Taa ile tulionyeshwa mara moja tu, darasa zima, mchana kweupe, madirisha ya stoo yamezibwa kwa kanga. Juu ya meza palikuwa na kioo kikubwa cha duara kilichofunika bamba la chuma, kama kawa linavyofunika wali. Tukakiita hivyo, kawa la kioo. Pampu ya kuvuta hewa alikuwa ameiunga kutoka kwenye friji mbili kuukuu. Umeme ulipitia kwenye transfoma iliyotoka kwenye bango la taa za rangi la hoteli moja ya Diani iliyokwisha kufungwa. Miaka ile watalii walikuwa wamepungua, na hoteli zilikuwa zikitupa vitu. Wengine waliokota magodoro na viti. Yeye alikwenda kuokota bango. Herufi mbili za jina la hoteli zilikuwa zimeegemea ukutani humo stoo, na Mejumaa alizisoma kama hirizi.

Pampu ilinguruma muda mrefu. Fundi alikuwa akizungumza nayo kwa upole ambao sijamsikia akizungumza na binadamu: "Haya mama, kidogo tena, usinichokee leo." Kisha akabonyeza swichi, na ndani ya kawa, pasipo na moto wala waya, pakajaa mwanga wa zambarau uliotulia tuli kama maji. Wasichana wa mbele walirudi nyuma. Mimi nilikuwa nyuma tayari.

Alituambia hiyo ni plasma. Kitu kigumu ukikipasha joto huwa maji, maji huwa mvuke, na mvuke ukiupandisha kwa umeme huingia katika hali ya nne, na hiyo ndiyo inayowaka pale. Chembe zake zinapiga bamba la fedha lililo juu, zinaing'oa fedha punje kwa punje, nazo punje zinakwenda kutua juu ya kitu kilichowekwa chini: plastiki, mpira, chochote. Kitu kile kikishavaa fedha, vijidudu vya maradhi vikitua juu yake havizai, vinakufa. Mimi niliuliza, moyoni: kitu chenyewe kikitoka kinakuwaje? Mejumaa aliuliza kwa mdomo. Fundi akazima swichi, akaifunika meza yote kwa kanga.

"Hayo bado," alisema.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Angekueleza siri ya umeme wa mbinguni, halafu akuzibie kitu kidogo kama rangi ya kikombe. Alitulazimisha kunawa mikono mara tatu kabla ya kugusa chochote, na yeye akila karanga kwa mkono uliotoka kushika chupa za dawa. Alichukia sufuria zinazometameta. Mpishi wa shule alikuwa akizisugua za kwake mpaka ujione uso, na Fundi kila akipita jikoni alikuwa akitikisa kichwa na kusema usemi wake: "Usafi na kung'aa si ndugu, ni majirani tu." Usemi wake wa pili tulikuwa tukiuiga kwa sauti yake ya puani. Mtu akimwambia, "Ni kweli, Fundi," alikuwa akijibu, "Usiniamini. Pima."

Basi mimi sikumwamini. Hapo nilikuwa mwanafunzi wake bora.

Siku ile ya furungu nilipofika nyumbani, Bibi alikuwa akichambua mchele. Ilinichukua mpaka mchele ukaisha ndipo nikamwuliza furungu liko wapi. Alinijibu bila kuinua kichwa kuwa amelipa kazi.

Nikauliza kama amempa Fundi. Akasema amempa kwa mkono wake, na akaniuliza tangu lini navipekua visanduku vya watu.

Ndipo nikajua kuwa Fundi alikuwa akija kwetu mimi nikiwa shule. Aliletwa na mtungi. Bibi ana desturi aliyoachiwa na mama yake, ya kuweka rupia ya fedha ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, ili maji yasiharibike. Jirani zetu wengine wanamcheka, lakini maji yake wanakunywa. Fundi alisikia habari ya rupia, akaja kuomba kuiona, akakaa barazani na Bibi wakazungumza fedha tangu kahawa ya kwanza hadi ya tatu. Bibi akaniambia kwa majivuno, "Mimi nalijua jambo hili tangu sijavunja ungo. Yeye ananieleza sababu."

Kisha akaniambia la Babu. Nilijua kuwa Babu alifariki nikiwa mdogo baada ya kulazwa, lakini sikujua vipi. Alikwenda kwa ajili ya tezi. Walimtibu tezi, ikapoa. Lakini alikuwa amewekwa mpira wa kutolea mkojo, akakaa nao siku nyingi, na uchafu ukapanda kwa njia ya mpira ule mpaka homa ikamchukua. Fundi alimwambia Bibi kwamba mpira ule ukivishwa fedha, uchafu haupandi. Ila fedha ya dukani siku hizi imechanganywa, naye alikuwa anatafuta fedha ya kale.

"Babu yako ndiye aliyenipa furungu," Bibi alisema. "Acha limfanyie kazi."

"Na likishindwa?"

"Likishindwa, litakuwa limeshindwa likifanya kazi. Wewe unalitaka likae sandukuni likinuna?"

Nilijiambia kwamba huyu mtu amepata pahali palipo laini katika moyo wa mjane, na hapo ndipo alipotia mkono. Mwizi hodari ni yule unayemfungulia mlango mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na sita na niliona nimegundua jambo kubwa sana.

Mwisho wa muhula uliofuata maneno yalimfika Mwalimu Mkuu. Yeye ni mama wa kutoka bara, anapenda mambo yenye karatasi. Wazazi walikuwa wamelalamika kuhusu taa ya zambarau na mabomba. Alimwita Fundi mbele yetu wakati wa gwaride na kumwambia aondoe mtambo ule. Fundi akaomba jaribio moja, moja tu, mbele ya mashahidi, na akamtaja Sista mmoja wa hospitalini aliyekuwa tayari kuja. Jambo lenyewe lilikuwa wazi na shule nzima ililijua. Likifaulu, Sista angeomba wakubwa wake wampe Fundi chumba cha kuvisha fedha ile mipira, na huko hospitalini wangeipima sawasawa kabla ya kumtia mgonjwa. Likishindwa, mtambo ungetoka na Fundi angetoka nao, kwa sababu mkataba wake ulikuwa unaisha muhula huo na Mwalimu Mkuu hakuona haja ya mwingine.

Jaribio lilikuwa jepesi hata mtoto angelielewa. Vikombe viwili vya plastiki, vyeupe, vya aina moja. Kimoja kimepita chini ya kawa la kioo, kimoja hakikupita. Siku ya Jumatatu vijazwe maji ya kisima cha zamani kilicho nyuma ya shule, yale tunayoogea miguu tu. Siku ya Jumatano tone moja kutoka kila kikombe lipakwe kwenye kisahani chenye rojo la mwani uliopikwa na supu ya mifupa, ambalo vijidudu hulipenda. Siku ya Ijumaa mashahidi watazame. Kisahani chenye madoa kimeota. Kisicho na madoa hakikuota.

Kiranja wa maabara nilikuwa mimi. Nilichaguliwa kwa sababu sipigi kelele. Jumatatu asubuhi Fundi alinipa ufunguo wa kabati na kuniambia nichote maji, nijaze vikombe, nifunge. Yeye hakutaka kuvigusa, ili watu wasiseme ametia mkono wake. Alisema hivyo akinitazama mimi, kana kwamba mkono wangu ulikuwa kitu cha kuaminiwa.

Nikafungua kabati. Kikombe kimoja kilikuwa cheupe. Cha pili kilikuwa na alama chini yake, ya kuonyesha kuwa ndicho kilichovishwa, na ndani kilikuwa na rangi ya hudhurungi, kama kikombe kilicholala na chai ya rangi usiku kucha.

Naandika hapa nilichofikiri, kwa mpangilio wake, kwa sababu baadaye nilijidanganya mara nyingi. La kwanza nilifikiri: kichafu. La pili: fedha ni nyeupe, kila mtu anajua, furungu la Bibi ni jeupe, basi hii si fedha. La tatu: amekipaka dawa ya kuulia vijidudu ili awadanganye mashahidi, na furungu langu amelifanyia mambo yake. La nne lilikuja kwa sauti yake mwenyewe ya puani: Usiniamini, pima.

Nikaenda nacho nyuma ya jiko, ili kikapimwe bila dawa yake. Nikachukua jivu na kumbi la nazi, nikakisugua kama nilivyofundishwa na Bibi, ndani kwanza, kuzunguka, kisha kitako, mpaka mkono ukauma. Rangi ile ilikuwa ngumu kutoka. Haikutoka kama chai. Ilitoka kidogo kidogo, kwa mistari, na mara moja nilisimama nikajiuliza kwa nini. Kisha nikaendelea. Nilipomaliza kilikuwa cheupe kuliko mwenzake. Nikakisuuza mara tatu, nikajaza maji vyote viwili, nikafunga kabati, nikanawa mikono, nikaenda kwenye somo la jiografia nikiwa na furaha ya siri ambayo siwezi kuisahau na ningependa niisahau.

Siku ya Jumatano matone niliyapaka mimi mwenyewe, na siku ya Ijumaa visahani vililetwa kwenye meza ya mbele. Mwalimu Mkuu alikuwepo, na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na Sista aliyevaa viatu vyeupe visivyolia. Fundi alikuwa ameshona vifungo vya koti upya, vyote vinne sasa vya rangi moja. Akafunua kisahani cha kwanza: madoa, mengi, ya maziwa na ya manjano. Akafunua cha pili. Madoa, mengi, ya maziwa na ya manjano.

Nilisubiri furaha yangu ije, haikuja.

Fundi alikwenda kabatini, akakichukua kikombe chenye alama, akayamwaga yale maji, akasogea nacho dirishani. Akakigeuza kwenye mwanga, polepole. Nilijua anachokiona, kwa sababu jua lilikuwa linaingia na mikwaruzo ya kumbi ilikuwa inaonekana mpaka pale nilipokuwa nimesimama, duara juu ya duara. Alipitisha kidole chake cheusi ndani. Kisha akaniangalia. Haikuwa kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayesoma kipimo, anataka kuwa na hakika ya namba kabla hajaiandika.

Mwalimu Mkuu akauliza, "Kuna shida gani, mzee? Kuna mtu amekigusa?"

Ningesema. Mdomo ulikuwa wazi. Ningekuwa mtu mwingine, ningesema.

"Hapana," Fundi alisema. "Haikufanya kazi."

Sista alimpa pole nyingi na kwenda zake. Mwenyekiti alikohoa. Mejumaa aliniambia nje kuwa sarafu bandia zimekwisha, na alicheka, na nilicheka naye kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu. Wiki iliyofuata mkokoteni ulipakiwa kawa la kioo lililofungwa kwa kanga, pampu, na herufi mbili za hoteli. Alipita mbele ya darasa letu akatuwahi kusalimia, kama kawaida yake.

Kabla hajaondoka alipita kwetu. Nilijificha chumbani, nikasikia sauti zao tu barazani. Alimrudishia Bibi kiberiti kilichokuwa na mabaki ya furungu lililofuliwa kuwa bamba jembamba, limeliwa kati kwa mviringo kama kipande cha sabuni. Lile bonde la nyundo ya sonara halikuwepo tena. Bibi alilitia mtungini pamoja na rupia. Aliniambia tu kwamba mtu anayerudisha mabaki si mwizi, kisha akanitazama muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyohitaji, na nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Tangu hapo karibu mwaka mzima ulipita. Nilisikia yuko Ukunda anatengeneza friji. Kila nilipotumwa Ukunda nilipita barabara nyingine. Nilijiambia kuwa sina hakika. Labda ingeshindwa hata bila mimi. Labda ile hudhurungi ilikuwa dawa kweli, na mimi ndiye niliyemzuia tapeli asiingie hospitalini. Hilo la mwisho nililishikilia sana. Mtu mwenye shaka hupata siku zote kitu cha kukishuku, ili asijishuku mwenyewe.

Leo asubuhi Bibi alinituma Ukunda na feni iliyoharibika, akanitajia mahali pa kuipeleka, akanielekeza mpaka rangi ya mlango. Nilijua anachofanya. Naye alijua kuwa najua. Nilikwenda.

Ni kibanda cha mabati karibu na saluni. Nilisimama nje nimeikumbatia feni mpaka dada wa saluni, msichana wa bara mwenye vitana kichwani, akanichoka. "Sasa wewe madam, umekuja kusukwa ama unangoja mzee wa fridge? Maana hapo umesimama hadi wateja wangu wanadhani kuna foleni." Na Fundi akatoka kwa sauti ile, akaniona, na akaniwahi.

"Hujambo mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

Shikamoo yangu ilikwama kama siku zote. Aliipokea feni, akanivutia kigoda, akakamua ndimu kwenye gilasi, na maganda akayatia mfukoni. Rafuni, nyuma ya makopo ya misumari, niliona kikombe cha plastiki cha hudhurungi.

"Ni mimi niliyekisugua," nilisema. Nilisema nikikiangalia kikombe, si yeye.

"Najua. Kwa jivu?"

"Jivu na kumbi."

"Ulikisugua sawasawa," alisema. "Bibi yako amekulea."

Alifungua feni skrubu moja baada ya nyingine. Kisha akanieleza alichokuwa ametuzibia. Fedha ikiwa nene huwa nyeupe, ikiwa nyembamba kiasi kile huwa hudhurungi, na hiyo ndiyo inayofanya kazi. Maganda ya ndimu yana mafuta, na mvuke wake ukiguswa na plasma hugeuka ngozi nyembamba inayoganda juu ya plastiki, na punje za fedha hukaa ndani ya ngozi ile kama choroko ndani ya mseto, zikitoka kidogo kidogo. Maji hayaiondoi. Sabuni haiiondoi. Jivu na mkono wa msichana wa Msambweni hakuwa amevipigia hesabu.

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia rangi.

Alitoa kwanza skrubu ya mwisho. "Kule nilikokuwa, mtu alinichukulia kazi yangu kwa kunisikiliza tu. Nikarudi nimejifunza kuziba. Niliogopa mwenyekiti, niliogopa Sista, niliwaogopa hata nyinyi watoto. Wewe hukuniamini, na mimi sikukuamini. Tulikuwa sawa."

"Lakini uliniachia ufunguo."

"Mkono wako niliuamini. Masikio yako sikuyaamini."

Nilitaka kulia na sikutaka alione hilo, na nadhani aliliona, kwa sababu aliinuka akaenda kukichukua kile kikombe. Alikuwa amevisha viwili siku ile ya kwanza, alisema, kwa sababu fundi hafanyi kitu kimoja. Akanipa, pamoja na feni iliyokuwa inazunguka tena. Nikauliza kama hiki kinafanya kazi kweli. Alipanguza mikono.

"Nikikwambia ndiyo, utaniamini kwa sababu unanihurumia," alisema. "Hapo itakuwa mbaya kuliko zamani."

Naandika haya jioni ya siku hii hii, kikombe kiko dirishani. Bado namshuku. Nimekinusa na kinanuka ndimu kidogo. Inawezekana ni mzee mjanja anayejua kumfanya msichana ajisikie vibaya. Inawezekana nikikipima tena, vijidudu vitaota humo kama vilivyoota kwenye kile kingine, na mimi nitakuwa nimejiaibisha bure mbele ya Mwalimu Mkuu, nimebakisha muhula mmoja nimalize shule. Lakini hii ni shaka ya aina nyingine. Ile ya kwanza ilitaka iwe kweli. Hii inataka kujua.

Naongeza mistari hii siku ya pili yake. Asubuhi Bibi alinikuta natafuta chungu cha kuchemshia mwani, akanipa mfupa wa supu kabla sijaomba. Nilikwenda shule mapema, nikapitia kisima cha zamani, nikajaza vikombe viwili, kimoja cheupe na kimoja cha hudhurungi. Cha hudhurungi sikukigusa ndani hata kwa ncha ya kidole. Nilivibeba hadi ofisini kabla ya kengele, nikabisha hodi kwa kiwiko kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa. Mwalimu Mkuu aliponiambia nieleze, nilianza na jivu.